Safari ya nje kwa wanandoa wenye watoto wadogo: kutoka Masisi na Walikale

Familia za Masisi na Walikale, maeneo ya Kivu Kaskazini, huvuka mpaka wa Kongo kwa sababu kuu nne: biashara, matibabu, kutembelea jamaa na kukimbia vita. Jamaa wenyewe wametawanyika. Wapo Kiziba nchini Rwanda, kambi iliyofunguliwa mwaka 1996, na Kigeme, iliyofunguliwa 2012. Wapo Nakivale, Kyaka II na Rwamwanja nchini Uganda, na wengine wamehamia Kigali, Kampala na Nairobi. Kwa hiyo safari ya nje si jambo la wenye mali peke yao. Mkulima wa maharage wa Nyabiondo na mwalimu wa Mubi nao huifunga.

Mambo hubadilika pale wanandoa wanapokuwa na mtoto wa chini ya miaka mitatu. Mtoto huyo hawezi kumtajia ofisa jina lake, hastahimili kiu, na homa yake huweza kuwa hatari kwa usiku mmoja. Safari ya namna hiyo hufuata mwendo wa mtoto, na sehemu kubwa ya kazi hufanyika nyumbani, wiki nyingi kabla ya kufika kwenye barriere, yaani kituo cha mpakani.

Wakati wa kusafiri

Swali la kwanza ni kama safari inaweza kungoja. Mtoto wa chini ya wiki sita bado hajaanza chanjo kuu za utotoni, zinazotolewa Kongo akiwa na wiki 6, 10 na 14. Naye mama bado anapona. Kama hakuna dharura, muda huo ni wa kukaa nyumbani. Kati ya miezi mitatu na sita safari huwa nyepesi zaidi: mtoto ananyonya tu, hatambai, na chakula chake chote kiko kifuani mwa mama. Kuanzia miezi tisa hadi miaka miwili kazi huongezeka, kwa kuwa mtoto anakula, anatambaa, anaokota kila kitu na kukitia mdomoni. Mama mjamzito anayetaka kupanda ndege hana budi kujua kwamba mashirika mengi hayampokei akishapita wiki 36, na kuanzia wiki 28 mengi hudai karatasi ya daktari.

Jambo la pili ni mvua. Katika milima ya Masisi mvua kubwa hunyesha kati ya Septemba na Desemba, kisha Machi hadi Mei. Juni, Julai na Agosti ndiyo miezi ambayo barabara ya kuelekea Sake hupitika kwa urahisi zaidi. Walikale, nchi ya msitu, hupata mvua karibu mwaka mzima, na lori linaweza kukwama kwenye tope siku nzima au zaidi. Wenye mtoto mdogo huhesabu siku za akiba na kubeba chakula cha siku hizo.

Jambo la tatu ni usalama, nao hubadilika kwa kasi. Januari 2025 waasi wa M23 waliiteka Masisi-kati, na mwisho wa mwezi huo Goma, ambako uwanja wa ndege ulifungwa. Machi 2025 waliingia Walikale-kati, na mapema Aprili wakaondoka. Barabara iliyokuwa wazi Jumatatu inaweza kufungwa Jumatano. Habari za kuaminika hutoka kwa madereva na wamotari waliopita njia hiyo siku ileile, kwa jamaa wanaoishi njiani, na kwa wahudumu wa vituo vya afya. Inafaa kuwauliza zaidi ya watu wawili, na kukubali kuahirisha safari hata kama nauli imeshalipwa.

Kama sababu ya safari ni matibabu, daktari wa hospitali kuu ya eneo huulizwa kwanza kama huduma hiyo inapatikana Goma. Mtoto aliyezaliwa na nyayo zilizopinda, kwa mfano, huweza kutibiwa katika hospitali ya HEAL Africa mjini humo. Mwenye kichwa kilichojaa maji huweza kuhitaji kufika mbali zaidi, kama hospitali ya CURE mjini Mbale, Uganda, inayojulikana kwa upasuaji wa ugonjwa huo. Barua ya daktari anayemtuma mgonjwa, pamoja na picha na majibu ya maabara, hubebwa na wazazi mkononi. Haifungwi ndani ya mzigo.

Karatasi za mtoto

Kosa linalorudisha familia nyingi nyuma ni kudhani kwamba mtoto wa mgongoni hahitaji karatasi. Anahitaji, na ya kwanza ni cheti cha kuzaliwa. Kwa Sheria ya Familia ya Kongo, iliyorekebishwa mwaka 2016, mtoto huandikishwa bila malipo ndani ya siku 90 tangu azaliwe. Wazazi huchukua karatasi ya kuzaliwa kutoka maternite na kwenda nayo kwa ofisa wa hali ya kiraia: kwa Masisi, katika chefferie za Bahunde na Bashali au sekta za Osso-Banyungu na Katoyi; kwa Walikale, katika sekta za Wanianga na Bakano. Siku 90 zikipita, cheti hakitolewi bila hukumu ya mahakama, na hukumu hiyo hula muda na fedha. Aliyezaliwa wakati wa kukimbia vita mara nyingi huwa amepitwa na muda huo, kwa hiyo wazazi wake huanza shughuli hii mapema zaidi kuliko wengine.

Cheti kina kazi nyingine muhimu. Tangu siasa ya uhalisi ya Mobutu, katika miaka ya 1970, majina ya Wakongo wengi hayafuati ukoo: ndugu watatu wa tumbo moja wanaweza kuwa na majina matatu yasiyofanana, wala lisiwepo hata moja la baba. Kijijini hilo halimshangazi mtu. Kwa ofisa wa nchi nyingine aliyezoea jina moja la familia, mtoto asiyeshiriki jina na baba wala mama huzusha maswali. Cheti kinachotaja majina ya wazazi wote wawili, yakiwa yameandikwa herufi kwa herufi kama yalivyo kwenye kadi zao za kura au pasi zao, hujibu maswali hayo. Ndoa nyingi za huko ni za kimila na hazijaandikishwa. Wanandoa wanaokwenda mbali hufaidika kuiandikisha ndoa yao kwa ofisa huyohuyo kabla ya kuondoka.

Mzazi mmoja akisafiri na mtoto, mwenzake hutoa barua ya ruhusa iliyothibitishwa na mthibitishaji wa serikali, ikitaja mtoto, anakokwenda na muda wa safari. Bibi au shangazi anayemsindikiza mtoto anaihitaji zaidi. Idara ya Uhamiaji, DGM, huliangalia sana jambo hili: Septemba 2013 ilisimamisha ruhusa za kutoka nchini kwa watoto walioasiliwa na wazazi wa kigeni.

Hati ya kuvukia hutegemea umbali. Wakazi wa Goma na Gisenyi wamezoea kuvuka na kurudi kwa jeto, yaani kibali cha siku moja. Wanaokwenda ndani zaidi huhitaji hati ya kusafiria au pasi, na anayepanda ndege huhitaji pasi, hata kama ana mwezi mmoja. Kongo ilikubaliwa katika Jumuiya ya Afrika Mashariki Machi 2022, lakini uanachama huo haukuondoa ukaguzi mpakani. Nakala za karatasi zote hugawanywa: baba hubeba seti moja, mama nyingine, na picha zake huhifadhiwa kwenye simu ya jamaa aliyebaki nyumbani.

Chanjo na kinga

Fishi ya chanjo husafiri pamoja na cheti cha kuzaliwa. Chanjo inayoulizwa zaidi mpakani ni ya homa ya manjano, ambayo mtoto hupewa kuanzia miezi tisa. Kwa msafiri atokaye Kongo, Uganda, Kenya na Tanzania huidai kadi yake kuanzia umri wa mwaka 1. Kadi ya kimataifa, ya rangi ya njano, huanza kutambuliwa siku 10 baada ya sindano, na tangu Julai 2016 hudumu maisha yote. Anayechanjwa siku moja kabla ya safari kwa hiyo anaweza kukataliwa kihalali. Mtoto wa chini ya miezi sita hapewi chanjo hiyo kabisa. Chanjo ya surua nayo hutolewa akiwa na miezi tisa, na inafaa iwe tayari mwilini kabla ya kuingia katika makambi na vituo vya mapokezi, ambako watoto wengi hulala mahali pamoja.

Malaria inahitaji maelezo ya pekee, kwa sababu maeneo haya mawili hayafanani. Mtoto wa Mushaki, karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, hukutana na mbu wachache wa malaria. Wa Walikale, katika bonde la msitu, hukutana nao kila usiku. Mtoto wa milimani anaposhuka kwenda Kampala, Mombasa au hata Walikale, mwili wake haujazoea ugonjwa huo, na humpata kwa ukali. Chandarua chenye dawa hubebwa ndani ya mzigo wa mkononi ili kitumike usiku wa kwanza, kwa kuwa mwenyeji mara nyingi hana cha ziada. Homa yoyote njiani, au katika wiki za baada ya safari, hupimwa siku hiyohiyo.

Njia ya kufikia mpaka

Kutoka Masisi-kati, njia ya kawaida hupita Mushaki na Sake hadi Goma, na huko kuna barriere mbili za kuingia Gisenyi: ndogo, inayotumiwa na wachuuzi wengi wa miguu, na kubwa. Wanaokwenda Uganda hupita Rutshuru hadi Bunagana, kisha Kisoro. Wa Walikale wana njia mbili: ya mashariki, kupitia Nyabiondo na Masisi, na ya kusini, kupitia Hombo na Bunyakiri hadi Bukavu, halafu daraja la Ruzizi hadi Kamembe.

Sehemu kubwa ya safari hii hufanyika kwa pikipiki. Wanandoa wenye mtoto hukodi mbili, mama na mtoto kwenye moja, baba na mizigo kwenye nyingine, na pikipiki ya baba hufuata nyuma ili aone kinachotokea mbele. Mtoto mchanga anayefungwa mgongoni kwa kikwembe haonekani uso, na upepo au vumbi humziba pumzi bila mama kujua. Akifungwa kifuani, nafasi ikiachwa kati yake na mgongo wa dereva, mama humwona. Miguu yake hufunikwa soksi na kuwekwa mbali na bomba la moshi, ambalo huunguza ngozi mara moja. Kila nusu saa pikipiki husimama, mtoto hufunguliwa, hunyonya na kunyooshwa viungo. Asubuhi za milimani ni za baridi kali. Nguo mbili au tatu nyepesi zilizopandana hufaa kuliko blanketi moja zito, maana jua likitoka hupunguzwa moja moja.

Wanaovuka Ziwa Kivu kati ya Goma na Bukavu huangalia kwanza jaketi za kuokolea. Tarehe 3 Oktoba 2024 boti Merdi, iliyokuwa ikitoka Minova, ilizama karibu na bandari ya Kituku mjini Goma, na watu wengi walikufa. Jaketi ya mtu mzima humchomoka mtoto akiwa majini. Kama chombo hakina saizi ya mtoto, au kimejaa kupita kiasi, hungojwa kingine.

Mpakani

Foleni hupungua kwa anayefika mapema, na mama mwenye mtoto mchanga anaweza kuomba apitishwe mbele. Ofisa huulizwa kwa upole, karatasi zikiwa tayari mkononi. Kwenye barriere, tangu mlipuko wa Ebola wa 2018 hadi 2020 katika Kivu Kaskazini, watu wamezoea kunawa mikono na kupimwa joto. Mtoto aliyefunikwa nguo nyingi na kubebwa juani anaweza kuonekana ana homa. Hupunguziwa nguo dakika chache kabla ya kupimwa.

Mifuko ya plastiki ni marufuku Rwanda tangu 2008, Kenya tangu 2017 na Tanzania tangu 2019. Wazazi wanaofunga nepi na nguo chafu ndani ya mifuko hiyo hunyang'anywa na kuachwa na vitu mikononi. Mfuko wa kitambaa, au kikwembe kimoja cha ziada, humaliza tatizo hilo.

Kuna mambo mengine mawili yanayosahauliwa. Uganda iko saa moja mbele ya Kivu, jambo linalogusa ratiba ya basi na saa za dawa za mtoto. Rwanda haina tofauti hiyo. Tena magari ya Uganda, Kenya na Tanzania hupita upande wa kushoto. Mzazi aliyezoea barabara za Kongo na Rwanda hutazama upande usio sahihi anapovuka barabara, akiwa na mtoto mkononi.

Kupoteana ndilo jambo la kuogopwa zaidi mahali penye umati. Volkano ya Nyiragongo ilipolipuka tarehe 22 Mei 2021 na watu wa Goma wakakimbilia Gisenyi na Sake, mamia ya watoto walitengana na wazazi wao ndani ya muda mfupi tu. Kinga yake ni rahisi. Kila mtoto hukabidhiwa mzazi mmoja kwa jina, ili asiwepo anayedhani kwamba mwenzake ndiye aliyemshika. Jina na namba mbili za simu, pamoja na msimbo wa nchi (+243 kwa Kongo, +250 kwa Rwanda, +256 kwa Uganda), hushonwa ndani ya nguo ya mtoto, mahali pasipoonekana na wapita njia. Asubuhi ya safari hupigwa picha akiwa amevaa nguo hizohizo. Mwisho, wazazi hukubaliana mahali pa kukutana kila upande wa mpaka.

Chakula, maji na kuhara

Hadi miezi sita mtoto hutosheka na maziwa ya mama, na hapewi maji hata kwenye joto. Anayekula hubebewa vitu visivyoharibika upesi: ndizi mbivu, ambazo humenywa papo hapo, viazi vitamu vilivyochemshwa asubuhi hiyo, na unga wa uji. Uji wa masoso (mahindi, soya na mtama) uliopikwa nyumbani na kukaa saa nyingi ndani ya chupa ya vuguvugu ni mahali pazuri pa vijidudu kuzaliana. Ni salama zaidi kubeba unga mkavu uliokwisha kukaangwa, maji ya moto ndani ya thermos, kikombe na kijiko, na kuukoroga uji kidogo kidogo kila mtoto anapotaka kula. Maziwa ya ng'ombe ya Masisi ni mazuri, ila yanunuliwayo njiani huchemshwa kwanza. Maji ya kunywa huchemshwa au kutiwa dawa ya klorini, kwa sababu kipindupindu hujirudia katika maeneo ya Goma na Sake.

Mtoto akianza kuhara, hatari iko kwenye maji anayoyapoteza. Pakiti za SRO, yaani chumvi za kurudisha maji mwilini, hubebwa kutoka nyumbani. Zikiisha, lita moja ya maji safi huchanganywa na vijiko sita vidogo vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vikiwa vimesawazishwa. Chumvi ikizidi humdhuru. Vidonge vya zinki hutolewa kwa siku 10 hadi 14: miligramu 10 kwa siku kwa mtoto wa chini ya miezi sita, na 20 kwa aliyezidi umri huo. Kunyonyesha hakukatizwi. Macho yaliyozama, ulegevu, kushindwa kunywa, au damu kwenye choo ni dalili za kusimamisha safari na kutafuta kituo cha afya kilicho karibu. Kwa homa hutumika parasetamoli kwa kipimo cha uzito. Aspirini haipewi mtoto. Dawa za mafua au za kikohozi hazitumiwi kumlaza, kwa kuwa baadhi yake huweza kupunguza pumzi yake.

Barabara ya Gisenyi hadi Kigali, zaidi ya kilomita 150 za kona na miteremko, huwatapisha watoto wengi. Chakula chepesi saa moja kabla, kiti cha mbele ya basi na hewa ya dirisha husaidia. Kutoka Bunagana hadi Kampala ni zaidi ya kilomita 450, na familia yenye watoto hulala Kisoro, Kabale au Mbarara badala ya kulazimisha kufika siku moja.

Ndege

Wanaokwenda mbali hupanda ndege Kigali au Entebbe. Mtoto wa chini ya miaka miwili husafiri kwenye mapaja ya mzazi, na kwa safari za kimataifa mara nyingi hulipiwa karibu asilimia 10 ya nauli ya mtu mzima. Ni lazima aandikwe kwenye tiketi. Kitanda kidogo cha mtoto, kinachofungwa ukutani mbele ya viti vya kwanza, huombwa wakati wa kununua tiketi. Ndege inapopaa na inaposhuka, mtoto hunyonyeshwa au kupewa kinywaji, kwani kumeza hufungua masikio. Uji, maziwa na dawa za mtoto huruhusiwa kwenye mkoba wa mkononi kwa kiasi cha safari, nazo huonyeshwa wakati wa ukaguzi. Wanaofikia Ulaya au Canada wakati wa baridi hubeba kofia, soksi na koti la mtoto mkononi, ili avae kabla ya kutoka uwanjani.

Kazi ya baba na ya mama

Kwa mazoea, mama hubeba mtoto na baba hushika fedha na karatasi. Mgawanyo huo huvunjika mara tu mmoja anapougua au anapozuiwa na ofisa. Ni bora kila mmoja awe na sehemu ya fedha, karatasi na dawa zinazotosha siku mbili. Dola zenye mpasuko au alama hukataliwa, na faranga za Kongo hazifai mbali na mpaka, kwa hiyo noti safi huandaliwa mapema na kubadilishwa kidogo kidogo. Baba hujifunza kumvalisha mtoto, kumlisha na kumlaza kabla ya safari, ili mama apate saa chache za usingizi. Mama anayenyonyesha asipolala, asipokula na asipokunywa vya kutosha huchoka upesi na kushindwa kumhudumia mtoto. Maamuzi ya njiani, kama kulala au kuendelea, hukabidhiwa mmoja wao kwa kila siku, kuepusha ubishi mbele ya watoto waliochoka.

Kufika na kurudi

Siku mbili za kwanza ni za mapumziko. Mtoto hulala kwa saa zake, hula chakula alichozoea, na wenyeji huombwa kumwacha kwanza awazoee kabla ya kumpokezana. Chumba hukaguliwa: maji ya moto, jiko la makaa, dawa za panya na visima visivyofunikwa. Wazazi huuliza mapema kituo cha afya kilicho karibu na bei zake.

Walioondoka kwa sababu ya vita hujiandikisha mara wanapofika: Uganda, kwa Ofisi ya Waziri Mkuu, mara nyingi kupitia kituo cha Nyakabande karibu na Kisoro; Rwanda, katika kituo cha mapokezi cha Nkamira. Kila mtoto huandikishwa kwa jina na tarehe ya kuzaliwa zilezile zilizo kwenye cheti chake, kwa sababu tofauti ya herufi moja huweza kuchelewesha chakula, shule, au kuhamishiwa nchi ya tatu miaka mingi baadaye. Anayezaliwa huko hupatiwa cheti cha nchi hiyo, na wazazi wakiweza humwandikisha pia katika ubalozi wa Kongo.

Wanaorejea nyumbani hupeleka fishi ya chanjo katika kituo chao cha afya, ili chanjo zilizotolewa nje ziingizwe kwenye daftari na zilizobaki ziendelee. Mtoto hupimwa uzito, kwa kuwa safari humkondesha, na muuguzi huambiwa mahali alikolala. Karatasi zote hukaguliwa moja moja na kurudishwa mahali pakavu.